Fukusi wa Usambara Ambaye Bado Hana Jina

Juu ya kitambaa cheupe nilichokuwa nimekitandaza chini ya miti, katika msitu wa Amani ulioko Usambara Mashariki, palikuwa na vijiko vichache tu vya takataka za msituni: vipande vya majani yaliyooza, mchanga, nyuzi za mizizi na makombe ya konokono wadogo. Nilikuwa nimeziinamia kwa karibu robo saa bila kuona chochote chenye uhai. Mzee aliyekuwa akituongoza, mwenyeji wa kijiji kilicho pembezoni mwa hifadhi, aliuzuia mkono wangu nilipotaka kukikunja kitambaa. "Ngoja kwanza, mwanangu," akasema. "Mwache asahau kwamba upo." Tukanyamaza. Baada ya dakika chache kipande kimoja cha udongo, chenye ukubwa wa punje ya mtama, kilichomoza miguu sita, kikajiinua taratibu na kuanza kutembea kuelekea ukingo wa kitambaa.

Mzee alimwita kifaurongo, jina ambalo kwa Kiswahili humfaa mdudu yeyote anayejifanya maiti akiguswa. Kitaalamu alikuwa fukusi, ndugu wa mbali wa yule anayetoboa mahindi ghalani, ila huyu hana mabawa ya kurukia, mgongo wake umegandamana na matope, na maisha yake yote huyamalizia katika majani yaliyooza. Nilimtia katika kichupa cha alkoholi nikiwa na hakika kwamba nimegundua spishi mpya. Nilikuwa msaidizi wa utafiti, hata mwaka mmoja sijaumaliza kazini. Katika safari ile nilirudi na aina 11 za fukusi nilizoziandika daftarini kuwa "mpya", na leo imebaki 1. Ninataka kusimulia jinsi zile 10 zilivyoondoka, kwa sababu humo ndimo nilimojifunzia kazi hii.

Matumaini yangu hayakuwa bila msingi. Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka kupitia Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa, hupata mvua kutokana na unyevu wa Bahari ya Hindi, ilhali nyanda zinazoitenganisha ni kavu. Mdudu anayeruka huweza kuchukuliwa na upepo kutoka mlima mmoja hadi mwingine, lakini fukusi ambaye magamba yake ya mgongoni yameshikamana, na chini yake hamna bawa, hana namna ya kuvuka, maana akitoka katika unyevu wa msitu hukauka na kufa. Kwake yeye bonde la Lwengera, linaloitenga Usambara Mashariki na Usambara Magharibi, ni sawa na bahari. Wakikaa hivyo kwa vizazi visivyohesabika, kila upande ukizaliana peke yake, mwishowe huwa spishi mbalimbali, hata kama kwa macho yetu wanafanana kama punje za ulezi. Duniani kote spishi za wadudu zilizokwisha kupewa majina ni kama milioni 1, na mojawapo ya makadirio yanayotajwa sana husema kwamba zilizopo ni kama milioni 5.5. Kwa hiyo mtu anayechekecha majani katika milima hii ana sababu ya kutumaini.

Kazi ya msituni yenyewe si ngumu kuieleza. Majani yaliyooza hutiwa katika mfuko wenye chekeche la waya, hutikiswa kwa nguvu, yale makubwa hutupwa, na unga unaobaki chini hubebwa hadi kambini. Huko unga huo hutiwa katika vifuko vya wavu vinavyoning'inizwa ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa, ambao kitako chake kina kikombe cha alkoholi. Kadiri unga unavyokauka, ndivyo wadudu wanavyoshuka kuufuata unyevu, hata wakadondokea kikombeni. Njia hii haihitaji umeme wala mashine, na kwa siku tatu hutoa viumbe wengi kuliko mtu anavyoweza kuokota kwa mkono katika mwezi mzima.

Aina 3 kati ya zile 11 zilipotea kwa kosa langu mwenyewe, wala hazikuanguka wala kuibwa. Nilikuwa nimeandika lebo kwa kalamu ya kawaida ya wino. Tulipovifungua vichupa miezi minne baadaye, alkoholi ilikuwa na rangi ya bluu hafifu na vikaratasi vilikuwa vyeupe kama siku vilipokatwa. Wadudu walikuwa wazima, kila mguu na kila kipapasio mahali pake, lakini sikuweza kusema kama walitoka kwenye mteremko wa mlima Bomole au kando ya mto Sigi, mamia ya mita chini yake. Mama aliyekuwa akitufundisha utunzaji wa mkusanyiko hakunigombeza. Aliviweka vichupa vile kwenye rafu ya pembeni na kuniambia, "Hawa sasa ni wadudu tu." Tangu siku hiyo naandika kwa penseli, na lebo huiandika palepale msituni kabla mdudu hajaingia kichupani: nchi, mlima, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, njia iliyotumika na jina la mkusanyaji, yote hayo katika kikaratasi kisichozidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba.

Thamani ya kikaratasi hicho niliielewa zaidi niliposoma habari za nzi wa Kenya aitwaye Mormotomyia hirsuta. Ni nzi mwenye manyoya marefu na miguu kama ya buibui, asiyeweza kuruka, anayeishi katika mbolea ya popo ndani ya ufa wa mwamba wa kilima cha Ukasi, kwenye njia ya kutoka Thika kwenda Garissa. Alikusanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1933, akapewa jina mwaka 1936, akakusanywa tena mwaka 1948, kisha ikapita miaka zaidi ya 60 bila mtafiti yeyote kumwona. Mwaka 2010 watafiti walikirudia kilima kilekile wakamkuta yupo. Kama wale wa mwanzo wangeandika "Kenya" peke yake, kama lebo nyingi za zamani zilivyo, sijui nani angeanzia wapi kumtafuta.

Aina nyingine 4 ziliondoka chini ya hadubini. Nilikuwa nimetenganisha wenye mkonga mrefu na wenye mkonga mfupi, nikidhani nimepata spishi mbili, kumbe katika fukusi wengi jike ndiye mwenye mkonga mrefu, kwa kuwa huutumia kutoboa mahali pa kutagia mayai. Nilikuwa pia nimetenganisha wakubwa na wadogo. Fukusi akishakuwa mzima haongezeki tena. Ukubwa wake hutegemea chakula alichopata alipokuwa funza, na hivyo ndugu wa tumbo moja wanaweza kupishana sana. Mambo niliyoyaona makubwa yalikuwa hayana maana, na yale yenye maana yalikuwa mahali ambapo sikuwa nimetazama.

Mahali penyewe ni ndani ya tumbo la dume. Wadudu wengi wanaofanana kabisa kwa nje hutofautiana katika viungo vya uzazi vya dume, na kwa mtaalamu wa fukusi huo ndio ushahidi wa kwanza kuutafuta. Tumbo hulainishwa katika hidroksidi ya potasiamu hadi nyama iyeyuke na sehemu ngumu zibaki, kisha kwa sindano mbili nyembamba, pumzi umeibana, unakivuta nje kijibomba chenye rangi ya asali kisichofika hata milimita 1. Cha kwanza nilikipasua. Cha pili kilirukia mezani na hakikuonekana tena. Cha tatu kilielea ndani ya tone la gliserini, nikakigeuza upande, na hapo nikaona ncha yake imepinda kama ndoana, wakati ya yule niliyedhani ni mwenzake ilikuwa butu. Nilikitazama kijibomba kile hadi machozi yakanitoka kwa kukodoa macho. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kwa macho yangu mwenyewe mpaka kati ya spishi mbili.

Zilibaki aina 4, na 3 kati yake zilikuwa na majina tayari. Hili ndilo lililoniuma, na ndilo lililonifundisha zaidi. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe hapo Amani mwaka 1902, na wadudu wengi waliokusanywa katika milima hii zama hizo walisafirishwa kwenda Ulaya, hasa Berlin. Wengine walielezwa kwa mistari michache ya Kijerumani au Kilatini bila picha yoyote: mweusi, mgongo una mistari, miguu myekundu. Maelezo kama hayo yanaweza kuwafaa fukusi kumi. Lakini kwa kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina, ambazo huhesabu kuanzia kitabu cha mwaka 1758 cha Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, jina la kwanza lililochapishwa kwa utaratibu ndilo lenye haki, hata kama maelezo yake ni mafupi namna gani. Kinachoamua ni holotaipu, yaani yule mdudu mmoja aliyeteuliwa kulibeba jina, aliye kwenye pini katika makumbusho fulani. Maelezo yanaweza kukosewa au kuwa na utata, ila mdudu yule yupo, na kila mtu anayetaka kulitumia jina hilo hana budi kulinganisha naye.

Niliandika barua. Nilisubiri wiki kadhaa, kisha nikapokea picha tatu za fukusi mmoja aliyepoteza miguu miwili na kipapasio kimoja, chini yake kikaratasi chenye neno "Amani" kwa mwandiko wa mkono. Nilikuza picha ile mpaka nikauona mstari wa vinyweleo vya dhahabu kwenye pembe ya bega, mstari uleule niliokuwa nimeuchora daftarini nikiamini kwamba mimi ndiye wa kwanza kuuona. Nilifurahi kumtambua, na wakati huohuo nilihuzunika kwamba ili nimjue mdudu anayeishi mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka nilipokuwa nimelala, nililazimika kubisha hodi Ulaya.

Sisemi hayo kwa kulaumu makumbusho yaliyomtunza kwa zaidi ya miaka 100. Niliwahi kufungua droo katika ghala moja hapa kwetu, ghala ambalo sitalitaja, nikakuta safu za pini zilizosimama wima, kila moja ikiwa na lebo iliyoandikwa vizuri kabisa, na chini ya kila pini kifusi kidogo cha unga wa kahawia. Dudu walao makumbusho, ambao hula wadudu waliokauka, walikuwa wameingia, na kwa muda mrefu hakuna aliyefungua droo ile wala kubadilisha nafthalini. Jasho la mtu wa miaka arobaini iliyopita lilikuwa limegeuka vumbi. Tangu hapo msimamo wangu ni kwamba sehemu ya sampuli, ikiwemo holotaipu inapowezekana, ibaki nchini, na kwamba kabla ya kudai hivyo tuwe tumeajiri mtu wa kuzifungua droo. Kudai bila kutunza hakumsaidii mdudu wala mtafiti atakayekuja.

Umuhimu wa droo hauko kwa mambo ya kale tu. Mwaka 2002 jamii ya wanasayansi ilitangaziwa oda mpya kabisa ya wadudu, Mantophasmatodea, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu miaka ya 1910. Oda ni kundi kubwa: mbawakawa wote duniani, fukusi wakiwamo, ni oda moja, na vipepeo pamoja na nondo ni oda nyingine. Ushahidi ulitokana na wadudu wakavu waliokuwa wamekaa makumbushoni kwa miongo mingi, mmoja kutoka Namibia aliyekusanywa mwaka 1909 na mwingine kutoka Tanzania aliyekusanywa mwaka 1950. Baada ya kuwatambua wale wakavu, watafiti walikwenda Namibia na kuwapata walio hai katika mlima Brandberg. Nilipoisoma habari hiyo nilielewa kwa nini yule mama aliniambia nisitupe hata kichupa kimoja nisichokitambua. Mdudu wa Tanzania alikusanywa kabla nchi haijapata uhuru, akangoja zaidi ya miaka 50 hadi apatikane mtu aliyejua kwamba hafanani na yeyote.

Nalo jina likishatolewa huweza kuanguka. Wakulima wa maembe wa pwani ya Kenya na Tanzania wanamjua nzi wa matunda aliyeingia mwaka 2003 na kuharibu mavuno. Mwaka 2005 alielezwa kuwa spishi mpya, Bactrocera invadens, na kwa miaka 10 vipeperushi, vikao na masharti ya kusafirisha matunda vilitumia jina hilo. Mwaka 2015, baada ya kulinganisha maumbile, vinasaba na uwezo wa kuzaliana, wataalamu walikubaliana kwamba ni yuleyule Bactrocera dorsalis aliyekwisha kujulikana Asia kwa muda mrefu. Wapo walioliona hilo kuwa aibu kwa waliotoa jina la kwanza. Mimi silioni hivyo. Walichapisha ushahidi wao wazi, wakaweka sampuli mahali zinapoweza kukaguliwa, na kwa sababu hiyo wengine waliweza kuwasahihisha. Mkulima naye alinufaika, kwa kuwa utafiti wote wa Asia kuhusu mitego na udhibiti wa nzi huyo ulikuwa sasa unamhusu moja kwa moja.

Sasa nirudi kwa yule aliyebaki. Katika daftari ni fukusi namba 7. Ana mgongo wenye vifundo viwili vilivyokaa kama nundu, na miguu ya mbele minene kuliko ya jamaa zake wote niliowahi kuwaona, iwe kwenye pini au kwenye picha. Nimemlinganisha na holotaipu za jenasi yake, yaani kundi la spishi zilizo jamaa zake wa karibu, zilizokwisha kuelezwa kutoka Tao la Mashariki, nyingine kwa picha na nyingine kwa kuziazima. Mguu wake mmoja ulitumika kupima kile kipande cha vinasaba kinachotumiwa kutambua wanyama, chenye herufi 658, na matokeo yalimweka mbali na wote waliopimwa kabla yake. Hayo yananipa moyo, lakini hayatoshi. Umbali wa vinasaba hautafsiriki wenyewe, maana fukusi wasioruka huweza kutofautiana sana kutoka kilima hadi kilima na bado wakawa spishi moja. Na kuna kikwazo kikubwa zaidi: nina sampuli 5, na zote ni majike. Kijibomba cha rangi ya asali sinacho.

Ningeweza kumchapisha hivyo hivyo, kwa kuwa kanuni hazidai dume. Zinadai maelezo, jina lililoandikwa kwa herufi za Kilatini, holotaipu iliyotajwa waziwazi pamoja na mahali inapohifadhiwa, na kama ni jarida la mtandaoni peke yake, usajili katika ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama. Nimekataa kwa sababu ya zile 10. Nikimpa jina kwa majike peke yake, atakayekuja na dume kutoka kilima cha jirani atashindwa kujua kama ni mume wa huyu au ni spishi nyingine, nami nitakuwa nimemwachia kazi ileile niliyoachiwa na maelezo ya mistari mitatu.

Kuhusu jina lenyewe, nilitaka kumuenzi mzee aliyetuongoza. Nilipokwenda kumwomba ruhusa nilimsalimu, tukaketi barazani kwake, nikamweleza kwamba jina la mtu hubadilishwa kidogo kwa Kilatini na hubaki katika vitabu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha badala ya kunijibu aliniuliza kama nimeona kwamba mdudu yule hapatikani chini ya misizi. Msizi, Maesopsis eminii, ni mti uliopandwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, na umesambaa sana msituni. Sikuwa nimeona. Nilifungua daftari palepale barazani, nikasoma lebo moja baada ya nyingine, na kweli sampuli zote 5 zilitoka penye miti ya asili. Watano ni wachache mno kuthibitisha jambo, lakini ni swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimejiuliza juu ya mdudu yule, na limebadilisha mpango wangu wa kazi.

Kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, kimekwisha kutoka, na tutapanda mlimani masika yakianza. Safari hii nimepanga vituo 24, nusu chini ya misizi na nusu penye miti ya asili, kila kituo kikiwa na mifuko miwili ya majani na kitambaa kimoja cheupe. Mzee amesema magoti hayamruhusu tena kupanda Bomole, kwa hiyo atafika hadi kituo cha tatu tu, na kutoka hapo ataniachia mjukuu wake, ambaye ameshaanza kujifunza kuandika lebo kwa penseli.